Kujifunza Kurusha Ndege Yenye Gurudumu la Mkia

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima, Pito na Ufipa. Maneno yaliyosemwa redioni yamepigwa chapa hapa ili msomaji apate kuyarudia pole pole.

Ninyi mliokusanyika darasani Pito, na ninyi nyote wa Ufipa mlio na karatasi hii mkononi, karibuni katika somo letu. Mmoja na asome kwa sauti, na wengine wafuate kwa kidole, mstari kwa mstari.

Leo twasoma juu ya ndege. Si ndege wa porini, bali ndege ya injini, ile ambayo wazee wetu waliiita eropleni. Twasoma hasa juu ya ndege ndogo yenye gurudumu chini ya mkia. Labda mmoja wenu atauliza, "Sisi tu wakulima wa mahindi, ulezi na maharage. Ndege yatuhusu nini?" Swali hilo ni la haki, nalo lina majibu mawili.

Jibu la kwanza ni nzige. Upande wa mashariki nchi yetu ya Ufipa hushuka ghafula mpaka bonde la Rukwa. Kati ya mwaka 1930 na 1944 nzige wekundu walienea katika nchi nyingi za Afrika, wakala mazao ya watu. Wataalamu wakagundua kwamba nzige hao huzaliana na kukusanyika katika maeneo machache tu, na mbuga za Rukwa ni mojawapo. Mwaka 1949 likaundwa shirika la kimataifa la kupambana nao, makao yake Abercorn, mji ambao leo waitwa Mbala, katika Zambia. Mwaka 2009 ndege zilinyunyiza dawa iliyotengenezwa kwa kuvu juu ya nzige wa mbuga za Rukwa. Bila ndege, nani angezifikia mbuga zile zilizojaa maji na nyasi ndefu?

Jibu la pili ni usalama wetu wenyewe. Uwanja wa ndege wa Sumbawanga u jirani nasi, na ndege ndogo huweza kutua hata penye majani tu. Mtu asiyejua rubani anaona nini na haoni nini, aweza kusimama mahali pa kufa. Kwa hiyo sikilizeni mpaka mwisho.

1. Ndege ya namna hii ni ipi?

Ndege nyingi ndogo zina magurudumu matatu. Katika ndege za namna ya kwanza, gurudumu moja liko chini ya pua, na mawili makubwa yako nyuma yake. Ndege hiyo ikisimama, mwili wake umelala sawa kama meza. Katika ndege za namna ya pili, magurudumu mawili makubwa yako mbele, na gurudumu la tatu, dogo sana, liko chini ya mkia. Ndege hiyo ikisimama, pua yake yatazama juu na mkia wake umekaa chini, kama mbwa aliyeketi.

Hapo zamani karibu ndege zote zilikuwa za namna ya pili. Nyingine hazikuwa hata na gurudumu nyuma, bali kipande cha chuma au mti kilichokokotwa ardhini. Shirika la ndege la East African Airways lilipoanza kazi mwaka 1946, lilitumia ndege ziitwazo Dragon Rapide, zilizoketi juu ya mkia. Tangu miaka ya 1950 viwanda vikaanza kuweka gurudumu chini ya pua, kwa sababu ndege hizo ni rahisi zaidi kutua. Kiwanda cha Cessna cha Marekani, kwa mfano, kilitoa ndege ya 172 yenye gurudumu la pua mwaka 1956.

Basi kwa nini ndege za gurudumu la mkia hazikuisha? Sababu ni viwanja kama vyetu. Pua ikiwa juu, rafadha, yaani lile pangaboi linalozunguka mbele, huwa mbali na mawe na majani. Gurudumu la mkia ni jepesi, wala halivunjiki upesi kama mguu mrefu wa pua ukiingia shimoni. Ndiyo maana ndege ya Beaver, iliyotengenezwa Kanada kuanzia mwaka 1947, ilitumika Afrika Mashariki katika vita vya nzige. Na Kenya, walinzi wa mbuga za wanyama wametumia ndege ndogo za Super Cub na Husky kwa miaka mingi kuwatafuta majangili.

2. Mkuki uliotupwa kinyume

Sasa twafika katika kiini cha somo. Wafipa ni watu wa chuma tangu zamani. Walijenga tanuru ndefu za udongo, wakayeyusha mawe ya chuma, wakafua majembe na mikuki. Basi mtanielewa nikitumia mfano wa mkuki.

Ukitupa mkuki chuma kikiwa mbele, huruka umenyooka. Uzito umetangulia, na mti mwepesi wafuata nyuma. Lakini ukiutupa kinyume, mti mbele na chuma nyuma, utaona nini? Mkuki utapinda, utageuka, kwa maana kile kizito chataka kwenda mbele.

Ndege yenye gurudumu la pua ni kama mkuki uliotupwa vema. Uzito wake mwingi uko mbele ya magurudumu makubwa. Ikigusa ardhi imepinda kidogo, uzito huivuta mpaka inyooke. Ndege yenye gurudumu la mkia ni kama mkuki uliotupwa kinyume. Uzito wake uko nyuma ya magurudumu makubwa. Magurudumu yanapokamata ardhi na kupunguza mwendo, uzito ulioko nyuma bado una haraka. Ndege ikiwa imenyooka sawasawa, hakuna neno. Lakini ikipinda kidogo tu, uzito husukuma upande, nayo hupinda zaidi. Kupinda kwazaa kupinda. Rubani akichelewa, mkia utampita mbele, na ndege itazunguka kama pia, bawa moja likigonga chini na pengine mguu wa gurudumu ukivunjika.

Kumbukeni neno hili: kosa dogo halijirekebishi lenyewe. Hilo ndilo jambo ambalo mwanafunzi wa ndege hizi hana budi kulijua miguuni mwake, si kichwani tu.

Nasema miguuni, kwa sababu usukani wa mkia huongozwa kwa vikanyagio viwili. Ukikanyaga cha kushoto, pua huenda kushoto. Ukikanyaga cha kulia, huenda kulia. Mikono ina kazi nyingine: mmoja hushika fimbo ya kuongozea, wa pili hushika kishikio cha nguvu za injini.

3. Kuiendesha ndege chini

Mwanafunzi hujifunza kwanza kuiendesha ndege ardhini, polepole kama mtu anavyotembea. Shida ya kwanza huonekana papo hapo: pua iliyoinuka humziba macho. Akitazama mbele haoni njia, aona injini tu. Mtu, ng'ombe au mtoto aliye mbele yake hamwoni kabisa. Kwa hiyo huiendesha ndege kwa kupinda kushoto kidogo, kisha kulia kidogo, kama nyoka anavyokwenda, na kila mara huchungulia ubavuni.

Hapo pia hujifunza kipimo cha mguu. Pua ikianza kwenda kushoto, mwanafunzi mgeni hungoja, kisha hukanyaga kulia kwa nguvu. Ndege yarudi, lakini hupita mpaka ikaelekea kulia. Naye hushtuka, akakanyaga kushoto kwa nguvu zaidi. Kila mara kosa lakua. Mwalimu humfundisha hivi: kanyaga mapema, kanyaga kidogo, kisha achilia kabla pua haijafika katikati. Ndivyo mtu anavyojifunza baiskeli. Mgeni hutikisa usukani huku na huku akaanguka. Aliyezoea hurekebisha mara nyingi bila hata kuonekana.

Breki nazo hutumiwa kwa uangalifu. Rubani akizishika ghafula, uzito utapita juu ya magurudumu ya mbele, mkia utainuka, na pua itachoma udongo.

4. Kuondoka

Ndege huondoka ikielekea upepo unakotoka. Rubani huongeza nguvu za injini polepole. Rafadha ikizunguka kwa nguvu huivuta pua upande mmoja. Katika ndege nyingi huivuta kushoto, na katika nyingine kulia, kwa kufuata injini inavyozunguka. Rubani hukanyaga upande wa pili kuinyoosha.

Mwendo ukiongezeka, husukuma fimbo mbele kidogo, mkia ukainuka. Sasa aiona njia yote iliyo mbele. Lakini saa ile ile mkia unapoinuka, pua huvutwa upande kwa nguvu mpya, kwa sababu rafadha ni kama pia: ukijaribu kuiinamisha pia inayozunguka, hukwepa upande. Mguu uwe tayari. Kisha magurudumu makubwa nayo huiacha ardhi, na kuanzia hapo ndege hiyo huruka kama nyingine zote. Tofauti yake iko chini, si angani.

5. Kutua

Kutua ndiko mtihani. Kuna njia mbili.

Njia ya kwanza ni kutua kwa magurudumu yote matatu pamoja. Rubani huishusha ndege mpaka karibu na ardhi, hupunguza injini, na huizuia isiguse. Mwendo wapungua, yeye avuta fimbo kidogo kidogo, na pua yainuka. Mwisho mabawa hayana nguvu tena ya kubeba, na ndege huketi juu ya magurudumu matatu kwa mara moja. Hapo huivuta fimbo mpaka mwisho na kuishikilia, ili gurudumu la mkia likandamize ardhi na kuongoza. Faida ya njia hii ni kwamba ndege hugusa ardhi kwa mwendo mdogo.

Njia ya pili ni kutua kwa magurudumu mawili ya mbele, mkia ukiwa bado juu. Mara yanapogusa, rubani husukuma fimbo mbele kidogo yasidunde. Njia hii humwezesha kuona mbele, na marubani wengi huipenda upepo unaporukaruka. Lakini ndege hugusa kwa mwendo mkubwa zaidi. Tena ipo dakika ya hatari, mkia unaposhuka: usukani wa mkia hufanya kazi kwa hewa inayopita juu yake, na mwendo ukipungua usukani hulegea, huku gurudumu la mkia halijakamata ardhi.

Ikiwa ndege itagusa kwa mwendo mwingi mno, mkia utaanguka, mabawa yatabeba tena, nayo itadunda kama mpira. Mwanafunzi hufundishwa asishindane nayo. Na aongeze nguvu za injini, aruke, azunguke uwanja na kuanza upya. Kurudia si aibu.

Baada ya kugusa ardhi, msafiri huvuta pumzi na kusema, "Tumefika." Rubani wa gurudumu la mkia hasemi hivyo. Miguu yake hukaa macho mpaka ndege isimame na injini izimwe. Ajali nyingi za kuzunguka kama pia hutokea baada ya kutua kuzuri, mtu akidhani kazi imekwisha.

6. Upepo na kimo cha Ufipa

Nchi yetu yaongeza mambo mawili juu ya somo hili.

La kwanza ni upepo. Mnajua wenyewe jinsi upepo wa kipupwe unavyovuma juu ya uwanda wetu usio na miti mingi. Upepo ukija ubavuni, huusukuma mkia mrefu wa ndege, na pua hutaka kugeukia upepo unakotoka. Rubani hushusha kidogo bawa la upande wa upepo, na kwa mguu huizuia pua isipinde. Gurudumu la upande ule hugusa kwanza, kisha la pili, kisha la mkia. Upepo ukizidi uwezo wake au uwezo wa ndege, hana budi kwenda kutua kwingine. Kujua hivyo nako ni elimu.

La pili ni kimo. Sumbawanga iko karibu mita 1,800 juu ya bahari. Hewa hapa ni nyepesi kuliko ya pwani, karibu sehemu moja katika sita. Mabawa hubebwa na hewa. Hewa ikiwa nyepesi, ndege hutakiwa kwenda mbio zaidi ili ibebwe. Ndege inayogusa ardhi ya pwani kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, hapa hugusa kwa kilomita 87 hivi, na siku ya jua kali karibu 90. Jambo la kushangaza ni kwamba saa ya mwendo iliyo mbele ya rubani husoma 80 ile ile, kwa sababu nayo hupima kwa hewa inayoigonga. Macho ya mgeni huona ardhi ikipita upesi, akadhani amekosea, akapunguza mwendo akiwa bado juu. Hilo ni kosa la kuua.

Mwendo ukitoka 80 kufika 87, nguvu ya ndege inayokimbia huongezeka karibu sehemu moja katika tano. Ule mkuki uliotupwa kinyume sasa umetupwa kwa mkono wenye nguvu zaidi. Na wakati wa kuondoka, injini ya kawaida hupata hewa kidogo, hivyo hupungukiwa nguvu, na njia ya kurukia hutakiwa iwe ndefu zaidi. Rubani atokaye bonde la Rukwa, ambalo liko chini yetu kwa mita 1,000 hivi, hana budi kufanya hesabu upya kabla ya kutua juu huku.

7. Watu wazima waliojifunza

Ndugu, msidhani kazi hii hujifunzwa na vijana peke yao. Beryl Markham, mwanamke aliyekulia Njoro katika Kenya, alijifunza Nairobi mwaka 1931 kwa mwalimu Tom Campbell Black, umri wake ukikaribia miaka 30. Mwaka 1936 alivuka bahari ya Atlantiki peke yake kutoka Uingereza hadi Kanada, kwa ndege ya gurudumu la mkia. Mafuta yalipokoma kufika kwenye injini alitua penye matope, pua ikazama, lakini alitoka hai.

Bernhard Grzimek, Mjerumani, alikuwa amepita miaka 40 alipojifunza urubani pamoja na mwanawe Michael. Walikuja Serengeti kwa ndege ya Dornier 27, yenye gurudumu la mkia, iliyopakwa milia kama punda milia, na mwaka 1958 wakahesabu wanyama kutoka angani. Tarehe 10 Januari 1959 Michael aligongana na tai akiwa angani, akafa akiwa na miaka 24. Amezikwa ukingoni mwa Ngorongoro. Ajali ile haikutokana na gurudumu la mkia, lakini yatukumbusha kwamba kazi hii haina mchezo.

Tena kazi hii haifanyiki bila kusoma. Rubani husoma orodha ya ukaguzi, huandika safari zake zote katika daftari, na hupiga hesabu za mafuta na uzito. Nchini Marekani, rubani anayeanza ndege hizi sharti apate mafunzo ya pekee, na mwalimu wake athibitishe kwa maandishi na saini. Bila saini ile, haruhusiwi kuongoza ndege hiyo peke yake.

8. Wajibu wetu sisi tulio chini

Rubani ana kazi yake, nasi tuna yetu. Shikeni mambo haya:

Usipite kamwe mbele ya ndege ambayo injini yake yazunguka. Ikiwa imeketi juu ya mkia, rubani hakuoni.

Usisimame mbele ya pua ukimpungia mkono. Simama mbali, pembeni mwa uwanja, mahali ambapo rubani akichungulia ubavuni atakuona.

Usiikaribie ndege mpaka rafadha isimame kabisa. Inapozunguka upesi haionekani kwa macho. Hata ikisimama, usiiguse.

Ondoa ng'ombe na mbuzi uwanjani, na shika watoto mkono. Rubani aliyekwisha gusa ardhi hawezi kukwepa ghafula. Akikwepa, mkia utampita mbele.

Ukiona shimo jipya la mhanga uwanjani, waarifu wenye kuutunza kabla ndege haijaja.

Penye uwanja usio na mfuko wa upepo, moshi wa moto mdogo ulio mbali kando humwonyesha rubani upepo unakotoka. Ni msaada mkubwa kwake.

Maneno ya kukumbuka

Rubani: mtu anayeongoza ndege.
Rafadha: chombo kinachozunguka mbele na kuivuta ndege.
Kikanyagio: mahali pa kukanyaga kwa mguu.
Kimo: urefu wa mahali kwenda juu, kutoka usawa wa bahari.
Pia: kitu ambacho watoto hukizungusha kwa kamba.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini mkuki uliotupwa kinyume hugeuka? Unafanana vipi na ndege ya gurudumu la mkia?
2. Kwa nini rubani huiendesha ndege kama nyoka anapokuwa chini?
3. Ndege inayotua Sumbawanga hugusa ardhi kwa mwendo mkubwa kuliko pwani. Eleza sababu.
4. Kosa dogo halijirekebishi lenyewe. Toa mfano mmoja katika kilimo au katika nyumba yako.
5. Ndege ikitua karibu na kijiji chenu leo, nani atawashika watoto na nani ataondoa ng'ombe? Patanani sasa.

Zoezi

Chukua baiskeli. Shika tandiko peke yake, uisukume kwenda mbele polepole. Gurudumu la mbele litafuata. Kisha isukume kurudi nyuma. Tazama linavyotaka kugeuka mara moja. Andika sentensi tatu juu ya ulichokiona, uzisome mbele ya wenzako.

Hapa ndipo mwisho wa somo.